Kidonda kisichouma

Katika mashamba ya mpunga ya Luvungi, mwiba ukikuchoma unaketi kwenye tuta na kuuchomoa. Lakini aliyeishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi huenda asiusikie kabisa. Ataendelea kulima hadi jioni, atavua kandambili, atalala. Baada ya siku kadhaa mjukuu ndiye anayeuliza harufu ile inatoka wapi.

Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu, kule mishipa inakofika mbali zaidi. Mishipa ya damu nayo inasinyaa, hivyo nyama ya mguu inapata damu kidogo ya kuiponyesha. Ndiyo maana naogopa sana ninapomsikia mtu akisema, «Hakiumi, kitapona.» Kama kingeuma, asingekikanyaga.

Daktari mpasuaji Paul Brand aliliona hilo kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Watu walidhani ukoma ndio uliokula nyayo zao, kumbe walikuwa wakitembelea miguu iliyokufa ganzi. Mguu ulipofungwa plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, uzito ulisambaa na kidonda kikafunga. Mguu wa mwenye sukari ni vilevile: kila hatua inapasua nyama changa iliyoota usiku. Kumwambia mkulima asikanyage wakati wa kupandikiza mpunga ni neno zito, nalijua. Basi jamaa wamchongee magongo, wamtekee maji, wamlimie.

Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikaushwe taratibu, kifunikwe kwa kitambaa safi. Majivu, majani yaliyopondwa na unga wa kapsuli visikiguse. Usiloweke mguu katika maji ya moto, maana mguu usiohisi unaungua kimyakimya. Ngozi ngumu ya pembeni mwachie muuguzi aikate. Dawa ya sukari isikatizwe hata siku moja. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu au wa moto, ukitoa usaha, ukianza kuwa mweusi, au homa ikipanda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo; wakikuandikia kwenda hospitali ya Uvira, usingoje kesho.

Kuna na panya. Huko Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa sukari waliotafunwa miguu na panya usiku bila kuamka. Penye magunia ya mpunga chumbani panya hawakosi, kwa hiyo chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, na magunia yahamishiwe mbali na kitanda.

Kwa ambaye bado hana kidonda, kuna kipimo kisicho na gharama. Afumbe macho. Mwingine amguse polepole, kwa ncha ya kidole, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, bila kubonyeza, naye aseme kila anapoguswa. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mguu umepoteza hisia, na kuanzia jioni hiyo unyayo wake ukaguliwe kwenye mwanga kabla hajalala.