Awali ya Mtoto: Shilingi Yako Iende Wapi?

Ikifika Oktoba, mabango ya shule za awali huzagaa kila kona ya Dar es Salaam: nafasi zipo, Kiingereza tangu siku ya kwanza, usafiri upo. Mzazi mwenye mtoto wa miaka minne anaanza kupiga hesabu, na wengi huanzia kwenye ada na kuishia hapo hapo. Nadhani hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Tuanze na darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali. Ada ilifutwa Januari 2016, na kisera mwaka mmoja wa awali ni wa lazima tangu 2014, kwa hiyo nafasi hiyo ni haki ya mtoto. Kinachobaki kwako ni sare, viatu, madaftari na uji. Uji ukiwa shilingi 500 kwa siku, kwa siku 194 za masomo unalipa 97,000 kwa mwaka. Ukijumlisha na sare, wazazi wengi hawavuki laki mbili.

Shida yake ni msongamano. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ada ilipoondoka, watoto wa awali nchini walipanda kutoka milioni moja na ushei mwaka 2015 hadi takriban milioni moja na nusu mwaka uliofuata, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana zipo shule ambako mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mia, wamebanana sakafuni wakiitikia a, e, i, o, u kwa pamoja. Mtoto mchangamfu atajipenyeza mbele. Mtoto mpole anaweza kumaliza mwaka mzima mwalimu hajalishika jina lake, na hilo linaniuma kuliko upungufu wa madawati.

Upande wa pili kuna shule binafsi za Kiingereza. Chukua mfano wa shule inayotoza 300,000 kwa awamu, awamu nne kwa mwaka: hiyo ni milioni 1.2. Gari la shule likiwa 60,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi ni laki sita nyingine, nusu nzima ya ada. Bado fomu, rimu za karatasi, sare ya michezo, ziara, na joho la mahafali ya mtoto wa miaka mitano. Mwaka unaufunga karibu na milioni mbili. Tena ukishaanza na Kiingereza, kumrudisha mtoto kwenye shule ya Kiswahili darasa la kwanza si rahisi, kwa hiyo unapolipa awamu ya kwanza jua unajifunga na ada za shule ya msingi yote.

Na gari lenyewe lina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Likikusanya watoto kuanzia Mbagala mpaka Kurasini, wa kwanza anapandishwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto huyo anafika darasani amesinzia, begi bado mgongoni, na saa zake bora za kujifunza zimeishia kwenye foleni. Bweni nalo lisikushawishi: tangu 2023 serikali imelizuia kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na naunga mkono kwa moyo wote.

Wazazi hulipa fedha hizo wakiamini mtoto atawahi kusoma. Lakini mtaala wa awali uliotoka 2016 ulijengwa juu ya mambo kama kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira, sanaa na dhana za hesabu. Kusoma, kuandika na kuhesabu kwenyewe ndiyo kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili. Mtoto anayeweza kusimulia jana alikwenda wapi, kungoja zamu yake, kufunga vifungo na kuomba kwenda chooni ameiva kwa shule. Mambo hayo huyajifunza haraka kwa lugha anayoiota usiku. Ukimwekea lugha asiyoisikia nyumbani, wiki nyingi za mwanzo atakuwa kimya, na ukimya huo watu huuita utulivu.

Kati ya pande hizo mbili kuna vituo vidogo vya mtaani, vingine vya misikiti na makanisa. Pwani vina historia nzuri: mpango wa awali za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation ukafika Zanzibar na Uganda, ukifundisha akina mama wa mtaa husika kuwa walimu na kutengeneza zana kwa vifuu, mbegu na vizibo. Kituo kizuri cha aina hiyo, kwa mfano 40,000 kwa mwezi, ni laki nne kwa miezi kumi, na mtoto anakwenda kwa miguu. Kituo kibaya ni chumba chenye joto, msichana mmoja asiye na mafunzo, na katuni kwenye simu.

Kwa hiyo nenda ukaone. Nenda saa nne asubuhi bila miadi. Tazama choo kwanza: tundu linamfaa mtoto mdogo, au ataogopa kutumbukia? Maji yapo? Michoro ukutani ni ya watoto, au imenunuliwa dukani? Mwombe mwalimu akutajie majina matano ya watoto walio mbele yake. Uliza namba ya usajili. Kituo cha kulelea watoto wadogo husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, shule kupitia Wizara ya Elimu.

Kwa familia ya kipato cha kawaida, ningechagua kituo kidogo cha karibu akiwa na miaka minne, kisha awali ya serikali akiwa na mitano. Tofauti ya fedha nunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili, msomee jioni. Na hudhuria vikao vya wazazi, maana darasa la watoto mia halitagawanywa bila wazazi kulisemea. Kwa kawaida uandikishaji huanza Oktoba. Beba cheti cha kuzaliwa, na usingoje Januari.