Sura ya 4: Kutoka Benchi hadi Kadi

Kliniki ya mama na mtoto Uchagani huanzia kwenye benchi. Kabla ya vipimo, muuguzi husimama mbele ya wajawazito na kutoa elimu ya afya: lishe, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, dalili za hatari. Somo hili lina faida, tena ni la bure. Ila msichana wa miaka 19 mwenye mimba ya kwanza na mama wa watoto wanne aliyewahi kujifungua kwa upasuaji wanaambiwa yale yale, kisha kila mmoja anakwenda zake.

Ushahidi kwamba somo moja haliwafai hawa wawili umekusanywa Moshi penyewe. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina rejesta ya uzazi tangu mwaka 2000. Wakunga humhoji mzazi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua na kuandika historia yake. Watafiti walipowafuatilia wanawake waliorudi kujifungua hapo hapo, waliona kuwa aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au kupata shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuleta kifafa cha mimba, ana hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na tatizo lile lile. Kwa hiyo mkunga mzuri huanza kwa kuuliza: mimba iliyopita ilikwendaje? Jibu likishaandikwa kwenye kadi, ndipo ajue amfundishe nini.

Swali la pili ni la makazi. Mama wa Pasua, mjini, akishikwa na uchungu usiku, bodaboda inamfikisha Hospitali ya Mawenzi muda si mrefu. Mwenzake wa Uru Shimbwe, juu kabisa karibu na msitu, ana mteremko mrefu mbele yake, na masika ikikolea, kuanzia Machi hadi Mei, udongo unateleza hata gari lenye nguvu likasita. Huyu wa pili kumwambia tu “wahi hospitali” ni kumwonea. Somo lake ni hesabu: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha miezi 3 nyuma. Hiyo ndiyo tarehe anayotarajiwa kujifungua; ikiangukia Aprili, yafaa apange mapema kushuka kwa ndugu anayeishi mjini, ajue nani ana gari, nani atabaki na watoto, na nani atachangia damu ikihitajika. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa. Hotuba ya benchi hugusa ule wa kwanza. Wa pili hutofautiana kijiji kwa kijiji, na wakati mwingine nyumba kwa nyumba.

Simu nayo imejaribiwa. Mwaka 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni: mtu alituma neno “mtoto” kwenda 15001 bila malipo, akataja umri wa mimba, akaanza kupokea ujumbe unaolingana na wiki aliyofikia. Akina baba nao waliweza kujiunga. Ilikuwa hatua kubwa, maana mwanamume anayefanya kazi Dar es Salaam hapati nafasi ya kukaa kliniki Kilema. Lakini ujumbe uliofuata wiki za mimba haukuweza kujua kwamba mama amewahi kupasuliwa, wala kwamba daraja la kwao limekatika. Hayo ni ya kuzungumza ana kwa ana.

Yupo pia mwanafunzi anayesahaulika: mama mkwe, au bibi mzaa mama. Uchagani mzazi hutunzwa haswa. Hupumzishwa, hupikiwa mtori, kazi nzito hupewa wengine. Wapo wataalamu wanaozipuuza mila hizi kana kwamba ni kikwazo, na mimi naona wanapoteza msaidizi wa bure. Anayepika mtori ndiye atakayekuwepo usiku mzazi akianza kulalamikia maumivu ya kichwa, kuona maluweluwe, kupata homa au kutokwa damu nyingi. Aitwe kwenye hudhurio la mwisho kabla ya kujifungua, aonyeshwe dalili hizo moja moja, na aelezwe kwamba kifafa cha mimba huweza kutokea hata mtoto akiwa ameshazaliwa na yuko mikononi mwake.