Profesere mwenye karatasi moja, na mawe ya Shinkolobwe

Mémoire yangu ya politekniki ilikuwa na kurasa karibu mia moja. Siku moja mukubwa wa ofisi fulani aliniambia: «Niandikie ukurasa mumoja, nione tutafanya nini na hii kazi.» Nilishindwa. Tangu hapo njo nilianza kusoma juu ya Vannevar Bush.

Huyu ni Mumarekani, alizaliwa 1890 katika Massachusetts. Alipata doktora ya uinjenieri 1916, na kuanzia 1919 alifundisha umeme kwenye iniversite ya MIT. Pamoja na wanafunzi wake alitengeneza mashine kubwa ya vyuma vyenye kuzunguka, ya kutatua hesabu ngumu za uinjenieri, iliisha 1931. Mwaka wa 1932 akawa makamu wa rais wa MIT na mukubwa wa masomo ya uinjenieri. Mwaka wa 1939 akaenda Washington kuongoza Carnegie Institution, nyumba inayotoa feza kwa utafiti.

Juni 1940, wakati Ufaransa inaanguka mbele ya Wajerumani, aliingia kwa Rais Roosevelt na karatasi moja tu. Dakika chache, Rais akakubali. Kamati ya utafiti wa vita ikazaliwa, na 1941 ikafuatwa na ofisi kubwa zaidi, OSRD, chini ya Bush mwenyewe.

Ile ofisi ilifanyaka kazi namna gani? Serikali haikukusanya wasomi wote mahali pamoja. Ilitia sahihi mikataba na ba iniversite na ba kampuni: profesere anabaki katika maabara yake, serikali inalipa. Hivyo radari iliendelea MIT, na penisilini ikatengenezwa kwa wingi. Bush alikuwa anajibu kwa Rais moja kwa moja, si kwa ba jenerali.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa inatugusa. Utafiti wa bombe atomiki pia ulipita mikononi mwake, mbele jeshi halijauchukua 1942. Na sehemu kubwa ya iraniumu ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe yetu yalifika, lakini kwenye meza hapakuwa na Mukongomani hata mumoja. Angetoka wapi? Koloni haikuwa na iniversite. Lovanium ilifunguliwa 1954, ile ya Elisabethville 1956. Watu wetu waliitwa kuchimba, hawakuitwa kuamua.

Julai 1945 Bush alitoa ripoti, akaomba serikali ilipie utafiti na masomo ya vijana hata wakati wa amani. Alitaka wasomi wajiongoze wenyewe. Rais Truman akakataa sheria ya kwanza 1947: feza ya raia haiwezi kuongozwa na watu wasiojibu kwa yule raia aliyemuchagua. Ikachukua mpaka 1950 ndipo National Science Foundation ikaanzishwa, na mukubwa wake anateuliwa na Rais.

Mimi naona Truman alikuwa na haki pale. Diplome haimupi mutu ruhusa ya kutojibu. Lakini Bush naye alikuwa na haki juu ya jambo lingine: utafiti bila feza ya kudumu ni maneno matupu, na mwenye kujua kazi anapaswa kuwa karibu na mwenye kuamua.

Leo cobalt inatoka kwetu kama vile iraniumu ilitoka. Tofauti ni moja: sasa ba injenieri tuko. Kwa hiyo naomba kila mumoja wetu achukue mémoire yake, aandike karatasi moja: shida ni nini, dawa ni nini, itagharimu ngapi, nani atajibu ikishindwa. Yangu nimeiandika mara ine. Bado haijakuwa nzuri, lakini sasa inaenea kwenye ukurasa mumoja.