Mafuta ya Karafuu na Mtoto wa Jicho

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za Chama, nikalala Temeke kwa jamaa yangu. Baba yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilimkuta na kichupa alichouziwa mtaani, akaambiwa ni mafuta ya karafuu za kwetu na kwamba yamekwisha pimwa na wataalamu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa karafuu. Niyatie?" Nilimjibu asiyatie. Sababu yafaa nanyi mzijue, maana swali hili litawafikia.

Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi, mfano wa kioo kidogo kilicho safi kama maji. Lenzi hiyo ina protini nyingi. Protini zikiharibika hugandamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwa moto, na mtu huona ukungu. Ndio mtoto wa jicho. Huletwa na uzee, na huharakishwa na kisukari, sigara na jua kali. Hata kijiti cha mkarafuu kikimchoma mchumaji jichoni chaweza kuuleta.

Ni kweli kuwa mimea hupimwa. Kwanza hutwaliwa lenzi za mbuzi kutoka machinjioni, zikatiwa katika maji yenye sukari nyingi. Baada ya siku tatu hivi lenzi huwa nyeupe. Nyingine hutiwa katika maji yale yale pamoja na dawa ya mmea, kisha zote huwekwa juu ya karatasi yenye mistari, ikatazamwa ni ipi inayoonyesha mistari. Hatua ya pili ni panya, na ya mwisho ni binadamu. Mimea mingi hufaulu ya kwanza, isifike ya mwisho.

Tuchukue mfano wa manjano. Mwaka 2003 watafiti wa Hyderabad, India, walitoa habari za kurkumini, yaani kile kiini cha rangi ya manjano. Panya walilishwa sukari ya galaktosi inayoharibu lenzi. Waliochanganyiwa kurkumini kidogo sana katika chakula walikawia kuugua. Lakini waliopewa mara tano ya kiasi hicho, ugonjwa wao ulikomaa upesi kuliko wa wale wasiopewa kabisa. Basi kuongeza dawa si kuongeza nafuu.

Kwa binadamu, Marekani ilitangaza mwaka 2001 matokeo ya majaribio ya watu zaidi ya 4,500 waliofuatwa kwa miaka kadhaa. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini hazikuwazuilia mtoto wa jicho.

Ama mafuta yetu, sehemu kubwa ni eujinoli, ndiyo iletayo ule ukali unaotia ganzi jino. Jichoni huunguza ngozi nyororo ya mbele, na kovu likibaki pale, hata kupasuliwa lenzi hakumrudishii mtu nuru yote. Mwaka 1994 madaktari waliandika habari za vidonda vya macho hapa Tanzania, na karibu robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Dawa ya mtoto wa jicho ni kupasuliwa. Jicho hutiwa ganzi, lenzi mbovu huondolewa, ikawekwa ya kutengenezwa, kazi aliyoianza Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Dar es Salaam hufanywa Muhimbili na pia CCBRT, Msasani.

Kwa hiyo nawaomba wanachama wasimuuzie mtu mafuta kwa jina la dawa ya macho. Jina la karafuu ndilo riziki yetu. Mwenye mmea anaouamini aupeleke Taasisi ya Dawa za Asili, Muhimbili, ambako mitishamba imechunguzwa tangu 1974.

Yule mzee amekwisha pewa siku ya kupasuliwa. Kichupa alinipa, kipo ofisini kwa atakaye kukiona.

Wenu,
Katibu wa Chama