Kamera ya Mkanda (3): Vipande vya Sekunde

Wiki iliyopita tulimaliza tundu la lenzi. Leo tuhamie kwenye kile kisahani cha juu chenye namba 30, 60, 125, 250, 500 na herufi B. Hapa mezani nina Zenit-E, kamera ya Kisovieti iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965.

Namba 125 maana yake pazia la ndani linafunguka kwa sekunde 1 kugawa kwa 125. Ukipanda ngazi moja, mwanga unaoufikia mkanda unapungua nusu. Simama kando ya lami karibu na Buzwagi, lori likija kwa kilometa 36 kwa saa. Kila sekunde linasogea mita 10. Ukipiga kwa 30, linasogea sentimeta 33 pazia likiwa wazi, na picha inatoka imeburuzika. Kwa 500 linasogea sentimeta 2 tu. Jua la saa sita kwetu halina huruma: kwa mkanda wa ISO 100, tundu 16 na kasi 125 vinatosha. Ukitaka 500, umepanda ngazi mbili, basi fungua tundu hadi 8 kufidia.

Hilo ni jepesi. Penye kazi ni uso wa mtu mweusi juani.

Ninayo picha ya marehemu mama, amesimama uani mwaka 1988. Kilemba chake cheupe unaweza kukihesabu nyuzi. Uso ni giza tupu. Si rangi ya mama iliyoharibu picha. Kipimo cha mwanga cha kamera hizi huchanganya vyote vilivyo mbele yake, anga, vumbi jeupe na ukuta wa chokaa, kisha hudhani mchanganyiko huo ni kijivu cha wastani. Kwa hiyo kinakuambia upunguze mwanga, na anayeumia ni mwenye uso.

Geuza kiganja chako kwenye jua lilelile linalompiga unayempiga picha, kipime kwa karibu bila kukitia kivuli, kisha shuka ngazi moja: kama kipimo kimesema 250, weka 125. Anga litaungua liwe jeupe. Liache liungue.

Nimeinua negativu ya mama dirishani. Penye kilemba ni peusi tii, mwanga umeandika. Penye uso pako wazi kama kioo. Mwanga haukufika pale, na hakuna fundi wa kusafisha picha anayeweza kukitoa kisichoingia.

Wiki ijayo: vumbi ndani ya pazia.