Fahamu: Kwa nini gemu za malori hufupisha barabara

Lori la shehena ya Uganda likipanda Timboroa, kwenye barabara ya Nairobi hadi Eldoret nchini Kenya, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hutambaa. Hewa huko imepungua uzito kwa takriban robo ukilinganisha na Mombasa, injini hukosa nguvu, na ukungu ukitanda dereva haoni mbali. Je, gemu iige yote hayo?

Euro Truck Simulator 2, iliyotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Czech, husifiwa kwa uhalisia wa gia, breki na uzito. Lakini ramani yake imefinywa: kilomita 19 za kweli ni moja. Kwa kipimo hicho Nairobi hadi Eldoret, kilomita 310 hivi, ingebaki 16. Nadhani ni uongo mzuri. Ningebakiza mlima na ukungu, nifute foleni; nani alipe ili akwame nyuma ya tela? (Wapo, ila wachache.)

Nairobi X ya mwaka 2015, iliyobuniwa Kenya, haikujisumbua hivyo. Viumbe wa sayari nyingine wanavamia Nairobi, nawe unawapiga risasi. Hakuna anayedai uhalisia hapo, mradi bunduki iitike papo hapo.