Maji Yaliyogoma Kutoka: Tuitunze Vipi Mashine ya Kuoshea Vyombo?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia shule za watoto, karatasi za uhamiaji na bili za gesi. Mwezi huu tumeonelea ni vyema tuingie jikoni, kwani huko nako kuna mambo yanayotumaliza fedha na kutuvunjia ujirani mwema, nasi tunayanyamazia kwa haya.

Wengi wetu tulipopanga nyumba katika nchi hii ya Uingereza, tuliikuta mashine ya kuoshea vyombo imekwisha kuwekwa kando ya sinki. Hatukuinunua sisi, hatukufundishwa kuitumia, na kitabu chake cha maelezo kilikuwa kimepotea zamani. Baadhi yetu waliifanya kabati ya masufuria. Wengine tuliitumia bila ya kuijua, hadi siku ilipogoma. Kisa kilichotusibu sisi wenyewe ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

KISA CHENYEWE

Tunaishi ghorofa ya pili, upande wa mashariki wa London. Usiku mmoja wa Jumamosi, wakati wa baridi, tulikuwa na karamu ya posa ya binti yetu. Wageni walipindukia 30. Palikuwa na pilau, kuku wa kupaka na maharage ya nazi. Wageni walipokwisha kuondoka tulikuwa hoi kwa uchovu. Sahani tulizipanga mashineni pamoja na makombo yake, mafuta yaliyobaki katika sufuria ya pilau tukayamimina sinkini, tukabonyeza kitufe na kwenda kulala.

Asubuhi tulipoufungua mlango wa mashine tulikuta dimbwi la maji ya rangi ya udongo, yananuka, na punje za wali zinaelea juu yake. Tulidhani haikumaliza kazi, basi tukaiwasha tena. Maji yakapanda sinkini. Tukaiwasha mara ya tatu, tukatoka kuwasindikiza jamaa waliolala kwetu. Tuliporudi tulimkuta jirani wa chini, bibi mzee aishiye peke yake, amesimama mlangoni petu na taulo lililolowa mikononi. Sinki letu lilikuwa limefurika, na dari ya jiko lake ilikuwa inatona.

Fundi tuliyemwita hakuigusa mashine hata kidogo. Aliinama chini ya sinki, akafungua kwa mkono kona ya bomba la plastiki, akatoa donge jeupe la mafuta yaliyogandamana na wali, gumu kama kipande cha sabuni ya mche. Kazi yote ilichukua robo saa. Tulichomlipa kingetosha chakula cha nyumba yetu kwa wiki nzima.

Mama yetu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alilitazama donge lile akatikisa kichwa. "Wanangu," alisema, "chombo mnakilisha makombo, kisha mnashangaa kikivimbiwa?"

KWA NINI YATUKUTE HUKU?

Swali la mama lina jibu katika hali ya hewa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Katika miji yetu ya pwani mara nyingi joto huwa juu ya hapo, kwa hiyo mafuta ya tui hubaki majimaji na kwenda zake. Hapa, katika bomba lililopita ukuta wa baridi, mafuta hayohayo huganda kama mshumaa. Samli hali kadhalika. Kuyafuatishia maji ya moto hakusaidii kitu: hupoa mbele ya safari, na donge hujijenga mahali ambapo mkono haufiki.

Wala tusidhani kuwa ni sisi peke yetu. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafundi wa maji machafu walikuta donge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Kipande chake kiliwekwa katika Makumbusho ya London mwaka 2018, watu wakaenda kukitazama. Donge la namna hiyo halikutoka katika nyumba moja. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA YA MAJI

Mashine hii si ngeni duniani. Bibi mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, alipewa hataza ya mashine yake mwaka 1886, akaionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Kanuni ya tangu siku zile haijabadilika: vyombo hukaa mahali pamoja, nayo maji hurushwa kwa nguvu juu yake.

Katika mashine za siku hizi, maji hukusanyika katika kishimo kilicho chini, hupita katika chujio, hupashwa moto na kurushwa na mikono inayozunguka. Kazi ikiisha, pampu huyasukuma maji machafu katika mpira ulio nyuma ya mashine, na mpira huo mara nyingi huungwa na bomba la sinki. Basi mahali pa kukwamia ni panne tu: chujio, pampu, mpira na bomba la sinki. Mwenye kuyakagua manne hayo kwa utaratibu ataweza mara nyingi kuokoa malipo ya fundi.

LA KUFANYA MAJI YASIPOTOKA

Kwanza, usiiwashe tena. Hilo ndilo kosa letu kubwa. Zima umeme na uchomoe plagi. Teka maji kwa kikombe, kisha kausha kwa sponji. Vaa glovu, maana huenda kuna kigae cha gilasi. Ufahamu pia kwamba maji kidogo yanayobaki ndani ya kishimo si ubovu: huzuia raba zisikauke.

Pili, toa kichaga cha chini na ulizungushe chujio ili litoke. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Usitumie steliwaya, kwani itatoboa wavu wake.

Tatu, tazama ndani ya kishimo. Mashine nyingi zina kifuniko kidogo kinachotoka kwa mkono au kwa ncha ya kijiko. Nyuma yake kuna kigurudumu cha pampu chenye mapezi. Kizungushe taratibu kwa kijiti. Mfupa wa samaki, kokwa ya ndimu au kigae cha gilasi hutosha kukizuia kisizunguke.

Nne, jaribu sinki. Fungulia maji uone kama yanateremka upesi. Yakisuasua, ubaya uko huko. Weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba, uisafishe yote pamoja na tundu ambalo mpira wa mashine unaingilia. Ikiwa mashine ni mpya na haijatoa maji hata siku moja, huenda aliyeifunga alisahau kukiondoa kizibo cha plastiki kilicho katika tundu hilo.

Tano, ufuate mpira. Huenda umekunjika au umebanwa na kabati. Kabla ya kuungwa na bomba ni lazima upande juu, karibu na meza ya jikoni, ndipo uteremke. Ukilala chini wote, maji machafu ya sinki yatarudi ndani ya mashine. Ufunge kwa klipu mahali pa juu usianguke.

Baada ya hayo, rudisha umeme, weka programu fupi ya kusuuza na usimame hapohapo usikilize. Pampu ikivuma na maji hayaendi, bado kuna kilichokwama. Ikiwa kimya kabisa, huenda pampu au umeme wake umeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi. Na pampu ikikokota bila ya kusita, huenda maji yamevuja chini ya mashine na kuamsha swichi ya kuzuia mafuriko. Hapo funga bomba linaloingiza maji, zima umeme, umwite fundi bila ya kuchelewa.

Tunawaonya jambo moja. Dawa kali za kuzibulia mabomba zisitiwe ndani ya mashine, maana huharibu raba na humuunguza fundi atakayekuja kuifungua. Siki na dawa yenye klorini visikutanishwe kamwe, kwani huzaa hewa ya sumu.

KINGA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jambo hili huzibwa kwa mazoea machache. Makombo yakwanguliwe yatiwe katika pipa la taka. Sahani na sufuria zenye mafuta zifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Mafuta yaliyobaki yamiminwe katika kopo tupu, yakiganda yatupwe pamoja na taka. Chujio lioshwe kila wiki, na siku ya karamu lioshwe usiku uleule. Mara moja kwa mwezi mashine iendeshwe tupu kwa programu ya moto kuliko zote, ili kuyeyusha mafuta yaliyojificha. Mitungi yenye karatasi za nembo isiingizwe, maana karatasi hubanduka na kuziba chujio.

Sisi wa London tuna zaidi ya hayo, kwa kuwa maji yetu ni magumu, yamejaa chokaa. Kisanduku cha chumvi kilicho chini ya mashine kijazwe chumvi yake maalumu, si ile ya mezani. Ndugu zetu wa Glasgow na Manchester maji yao ni laini, hivyo haja yao ya chumvi ni ndogo au hawana kabisa.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo wengi wetu hunyamaza kwa hofu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, inayotumika England, humtaka mwenye nyumba katika upangaji wa kawaida atengeneze mabomba na masinki. Lakini mashine zinazotumia maji au umeme hazimo katika wajibu huo. Kwa hiyo ya kuoshea vyombo hutegemea mkataba wenu. Usomeni pamoja na orodha ya vifaa vya nyumba kabla ya kutia saini, na mtoto anayejua Kiingereza zaidi aisome nanyi. Hitilafu ikitokea, mwandikieni mwenye nyumba au wakala wake siku ileile, nanyi mbaki na nakala. Hata hivyo, uharibifu unaotokana na uzembe wa mpangaji humrudia mpangaji.

Ama kuhusu amana, tangu mwaka 2007 mwenye nyumba katika upangaji wa kawaida wa England na Wales anapaswa kuiweka katika mpango wa hifadhi uliokubaliwa na serikali. Akitaka kukata fedha nanyi hamkubali, mpango huo una njia ya kuamua bila malipo. Msikubali kukatwa kwa maneno matupu.

Kwetu sisi wakala alikwisha kuandika kwamba dari itakatwa katika amana yetu. Hatukubishana, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulishuka kwa bibi yule tukamwomba radhi, na kwa idhini yake na ya wakala, Jumamosi iliyofuata vijana wetu walimpakia rangi dari yake yote. Amana ilisalimika. Bibi naye alitushukuru, kisha akauliza kwa upole: yale mafuta ya kupikia tutayatupa wapi tena? Tukamwonyesha kopo letu.

Msomaji aliye na kopo lake kando ya jiko ameanza vyema. Asiyenalo, na alitafute kabla ya karamu ijayo.